Jinsi Jamhuri ya Adabu Ilivyojichagulia Antivairasi

Kaeni vizuri, ndugu wasomaji, na kama yupo mkubwa karibu yenu mwamkieni kwanza, maana habari hii inatoka katika nchi ya watu wastaarabu na haifai kusomwa na mtu aliyekunja nne. Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Adabu. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walifika pale bila kupiga hodi, wakarudishwa mpakani.

Ibara ya kwanza ya katiba ya nchi hiyo inasema hakuna kuingia popote bila hodi. Ibara ya pili inasema hakuna hodi itakayokosa karibu. Ibara zote zilizobaki zinaeleza vyeo vya Mlezi Mkuu wa Taifa. Kwa ibara mbili hizo nchi imeishi kwa utulivu wa kuonewa wivu. Wezi wa huko hupiga hodi mchana kweupe, hukaribishwa, huvutiwa viti, na mwenye nyumba akiona televisheni yake inatoka mlangoni husema, "Haya, karibuni tena."

Basi hata kirusi cha kompyuta kilipoingia nchini kiliingia kwa heshima zake. Kilimtokea karani mmoja wa Wizara ya Maji katikati ya skrini, kwa maandishi mazuri ya kijani: "Hodi wenyewe! Shikamooni. Mgeni wenu." Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa "Karibu", cha pili "Karibu sana". Karani angefanyaje? Kumnyamazia mgeni ni kosa la jinai. Kwa kuwa alilelewa vizuri alibonyeza "Karibu sana", na kufikia saa ya chai ramani zote za mabomba ya nchi zilikuwa zimeliwa. Wizara ikatoa taarifa kwamba mgeni ana hamu ya kula, jambo ambalo ni dalili ya afya njema, na ikawakumbusha wananchi wasio na maji kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kutoka hapo kirusi kikaenda kupiga hodi Shirika la Reli. Treni mbili zikapewa njia moja. Gazeti la serikali likaandika tahariri ndefu kuhusu utamaduni wetu wa kukutana ana kwa ana, na majeruhi wakatakiwa kuisoma.

Hakuna mkubwa aliyekosa usingizi mpaka kilipoigusa Hospitali Kuu ya mjini Staha, ambako wakubwa hutibiwa siku wanapokosa ndege. Mlezi Mkuu mwenyewe alikwenda kupima presha, kompyuta ikaandika kuwa ni mjamzito. Madaktari walitazamana. Kumkosoa Mlezi Mkuu ni uhaini, na kuikosoa kompyuta ya Mlezi Mkuu ni jirani yake. Wakampa vidonge vya kuongeza damu, wakamshauri asibebe vitu vizito. Kesho yake ikaundwa Kamati Teule ya Taifa ya Kuchagua Antivairasi Inayofaa, na mwenyekiti wake akawa Dakta Makungu Shebe.

Makungu alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano. Udaktari wake aliupata kwa utafiti juu ya nani anapaswa kuketi kwanza katika vikao vya serikali. Lakini kabla ya kupotelea huko alisomea kompyuta, akazijua hasa, na kirusi alikitambua kama mtu anavyomtambua shemeji yake sokoni. Naomba hilo lishikwe. Mjinga ana udhuru wake, na huyu bwana simpi udhuru wowote.

Nyumbani Makungu alikuwa na mke, Bi Saumu, ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Kila wiki alikwenda Hospitali Kuu akalazwa kando ya mashine iliyomtoa damu, ikaiosha, ikamrudishia. Mashine zile zote ziliongozwa na kompyuta ya hospitali. Watu wote walimwita mumewe Dakta. Bi Saumu naye alimwita hivyo hivyo, ila yeye kwa utani.

"Dakta," alimwambia siku ya uteuzi, akimfunga tai, "hicho mnachokwenda kuchagua, chagueni kinachofanya kazi. Sitaki kizuri. Ile mashine ndiyo figo yangu."

"Usiwe na wasiwasi, mke wangu. Mwenyekiti si mimi?"

"Ndiyo maana nakuambia."

*

Kwa desturi ya Adabu, kila anayeomba kazi lazima aketi mbele ya jopo na kuhojiwa, awe mtu au programu. Kwa hiyo Injinia Tabu Kilindo, mkuu wa kompyuta pale hospitalini, alipomleta mwombaji wake aliyeitwa Nguchiro, alitakiwa aiweke laptopu juu ya kiti. Mjumbe mmoja akalalamika kwamba mwombaji amekaa mdomo wazi mbele ya wakubwa. Laptopu ikafunikwa nusu.

Injinia Tabu alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na subira ndogo, na alishawahi kupewa onyo kwa kumwambia mkurugenzi kwamba printa haichomeki hewani.

"Waheshimiwa," alisema, "tusizunguke mbuyu. Anayechagua antivairasi anauliza mambo machache. Inakamata virusi au haikamati? Walioijaribu ni watu wasiokula kwa muuzaji? Kila siku inajifunza virusi vipya, maana vya leo si vya jana? Inaiacha kompyuta ipumue au inaikalia kifuani? Na aliyeitengeneza ana jina na anwani, ukimpigia simu anapokea? Basi. Nguchiro nimemweka hospitalini kwa majaribio, na amekamata."

Waziri wa Heshima na Mitambo, Mheshimiwa Bwenzi Kitwana, aliyekuwa mlezi wa kamati, akainua kidole.

"Injinia, unasema inajifunza kila siku. Kwani imekuja hapa ikiwa haijui?"

"Virusi vipya vinazaliwa kila siku, Mheshimiwa."

"Serikali hii haijajifunza kitu kipya tangu tupate uhuru, na ipo." Wajumbe wakapiga makofi. "Na hao walioijaribu bila kulipwa na muuzaji, wanaishije? Mtu asiyekula kwa mtu ni wa kuchunguzwa. Katibu, andika wachunguzwe."

Hata hivyo utaratibu ulitaka mwombaji aonyeshe kazi, kwa hiyo Nguchiro akafunguliwa ndani ya kompyuta ya Waziri mwenyewe. Hakupiga hodi. Hakuamkia. Aliingia chumba hadi chumba, akapekua mpaka uvunguni, na mara skrini ikawa nyekundu na king'ora kikalia: "Kuna kirusi ndani ya faili HOTUBA YA MHESHIMIWA WAZIRI." Wajumbe wawili wakaingia chini ya meza.

Mheshimiwa Bwenzi alisimama taratibu, kama mtu anayepisha aibu ipite.

"Ndugu wajumbe! Katika utumishi wangu uliotukuka nimetukanwa na wapinzani, nimetukanwa na mabeberu, nimetukanwa na mama mkwe. Sijawahi kutukanwa na programu! Imeingia ndani mwangu bila hodi. Imepayuka. Imezua taharuki. Na inadai kuna mdudu ndani ya hotuba yangu, hotuba ambayo hata mimi mwenyewe bado sijaisoma! Mwenyekiti, wewe msomi, unasemaje?"

Makungu alikuwa akiitazama skrini. Alikiona kirusi pale pale, na akaona Nguchiro amekishika shingoni. Moyo ukamwambia sema. Mdomo ukakumbuka kiti.

"Mheshimiwa amesema vyema," akasema.

Nguchiro akaandikiwa barua ya kukosa nidhamu, ikasomwa mbele ya laptopu.

*

Mwombaji wa pili hakuletwa na mtu. Makungu aliwasha kompyuta ya ofisini asubuhi moja, akakuta anangojewa.

"Hodi kwa Dakta Makungu Shebe, Mwenyekiti, Msomi, Nguzo ya Itifaki! Shikamoo. Nimesikia mnatafuta mlinzi. Naitwa Mpambe. Sitaki malipo, nataka kutumika tu." Chini yake vitufe viwili: "Karibu" na "Karibu sana".

Makungu akasoma mara mbili. Maandishi yalikuwa ya kijani ile ile, salamu ile ile, vitufe vile vile. Ni kile kirusi kilichokula mabomba na kugonganisha treni, kimevaa kofia ya mlinzi na kuja kuomba kazi ya kujilinda chenyewe. Alijua. Hakuhitaji kamati wala kitabu ili kujua. Akabonyeza "Karibu sana", maana mlango wa ofisi ulikuwa wazi na katibu muhtasi alikuwa akitazama.

Mbele ya jopo Mpambe aling'ara. Aliwaamkia wajumbe kwa kufuata vyeo bila kukosea hata kimoja. Alipotumwa kukagua kompyuta ya Waziri alipiga hodi kwenye kila faili, akasubiri, akaomba radhi kwa usumbufu, akatoka kinyumenyume. Kisha skrini ikaandika: "Hali ni shwari." Akatumwa wizara zote. Kote hali ikawa shwari. Wizara ya Maji haikuwa na faili hata moja, na hiyo ilikuwa shwari kuliko zote.

"Huyu kalelewa," alisema Mheshimiwa Bwenzi, na sauti ikamtetemeka kwa hisia.

Hapo Makungu akamkumbuka Bi Saumu na tai. Akakohoa.

"Mheshimiwa, na je... inakamata?"

Wajumbe wakageuka kumtazama.

"Inakamata nani, Dakta?"

"Virusi, Mheshimiwa."

"Vipo?" Waziri akaonyesha skrini kwa kidole chenye pete. "Soma hapo. Au una habari ambazo mlinzi hana?"

Mwaka ule kulikuwa na ubalozi uliokuwa wazi, katika nchi moja ya baridi kali na marupurupu ya moto, na jina la Makungu lilikuwa linatajwatajwa.

"Nimeuliza tu kwa kujifunza, Mheshimiwa."

Kwa desturi ya Adabu, mlinzi hapewi kazi mpaka mtu mzima asimame, aweke mkono kifuani, aseme mbele za watu, "Namjua." Baada ya hapo mlinzi hapingwi na yeyote, ila yule yule aliyemshuhudia, tena kwa kusimama hadharani na kutamka, "Amekosea." Walioitunga sheria hiyo walitaka watu wawe waangalifu na vinywa vyao. Makungu alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Namjua." Katika maneno yote yaliyosemwa kwenye kamati ile, hilo lilikuwa kweli tupu.

Jioni akamfuata Injinia Tabu. Alimkuta akifunga vitu vyake kwenye maboksi, amehamishiwa kituo cha kupimia mvua jangwani.

"Injinia, nakuomba kitu cha siri. Mwache Nguchiro kwenye mashine moja tu. Ile ya dirishani."

"Dirishani analala nani?"

"Mke wangu."

"Na kitanda cha pili?"

"Sijui."

"Ni mwalimu Shangwe. Wa tatu ni muuza mitumba, ana watoto wadogo. Mashine zote zile zinakula chungu kimoja, Dakta, siwezi kuikinga moja nikaziacha nyingine. Nenda kasimame, sema 'Amekosea', na mimi kesho asubuhi namrudisha Nguchiro. Ni neno moja."

"Nisubiri kidogo. Mambo ya uteuzi yakishakaa sawa..."

Tabu akafunga boksi lake kwa hasira. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakujua atakuja mtu atakayekiona, akakipigia pasi."

*

Mpambe akazinduliwa kwa ngoma na keki. Kuanzia siku ile kila skrini ya Hospitali Kuu ilikuwa ya kijani. Wagonjwa wote walikuwa wanaendelea vizuri. Wengine waliendelea vizuri mpaka wakaacha kupumua, na skrini zao zikaendelea.

Bi Saumu alirudi kutoka kwenye mashine akiwa mzito kuliko alivyokwenda. Wiki iliyofuata pete hazikutoka vidoleni. Kisha akashindwa kulala chali, akawa analala ameketi, amekumbatia mto.

"Inazunguka bure ile mashine," alimwambia muuguzi. "Damu yangu haioshwi. Najijua."

Muuguzi alitazama miguu yake iliyovimba, kisha akatazama skrini. "Mama, mashine inasema unaendelea vizuri. Mimi nani wa kuibishia?"

Dada mkubwa wa Bi Saumu, Bi Mwantumu, akahamia pale hospitalini. Alikuwa mama wa maneno machache, lakini Makungu alipoingia na mfuko wa machungwa ambayo mgonjwa wa figo hata haruhusiwi kula, alishindwa kujizuia.

"Shemeji, mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe maradhi unayoyaficha si yako, ni ya mwenzio."

Bi Saumu akamwomba dada yake awapishe kidogo.

"Dakta," alisema, akivuta pumzi kati ya maneno, na safari hii utani haukuwemo, "nasikia ni neno moja."

"Ni neno moja, lakini lina wakati wake. Keshokutwa Mlezi Mkuu anatangaza mabalozi. Nikishatangazwa tu, nasimama, nasema. Tena nakuchukua twende kule. Wana hospitali za kweli."

"Na mimi ninao huo wakati?"

"Vumilia, mke wangu. Siku mbili tu."

Bi Saumu aliuachia mto aliokuwa ameukumbatia. Walikuwa wameoana kwa mapenzi, na watu wa mtaani walikuwa wakiwaonea gere.

"Mimi nilidhani hujui," alisema. "Kila siku nilikutetea kwa dada, nikasema mume wangu angejua asingekaa kimya." Akageukia ukutani, na hakumgeukia tena.

Alikufa asubuhi ya keshokutwa yake, redio ya wodini ikisoma majina ya mabalozi. Jina la Makungu lilikuwa la tatu.

*

Skrini juu ya kitanda ikaandika kwa kijani: "Mgonjwa anaendelea vizuri."

Mganga Mkuu akaitwa. Akampima mshipa, akamfunika uso, akajikumbuka, akamfunua.

"Nawapa pole," alisema, "ila siwezi kuwapa pole rasmi. Haruhusiwi kutoka kwa sababu hajapona, na haruhusiwi kuzikwa kwa sababu hajafa. Mlinzi ameshasema. Mpaka Dakta hapa amkane."

Nje wanaume walikuwa wameshafika na jeneza. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Wanawake wengine walikuwa nyumbani na sanda, udi na maji, wakisubiri kumwosha. Simu ya Makungu ilikuwa ikitetemeka mfukoni, na kila ilipotetemeka alikuwa mtu mwingine anampongeza.

"Haiwezekani tukasema 'amepitiwa'?" alimuuliza Mganga Mkuu kwa sauti ndogo. "Au tuseme ameghafilika kidogo?"

"Sheria inataka 'Amekosea'. Tena hadharani. Na waandishi wa habari wapo hapo chini, wamekuja kukupiga picha kwa ajili ya ubalozi."

Makungu alijifuta jasho. Akafungua mdomo. Wodi nzima ikasubiri. Mwalimu Shangwe wa kitanda cha pili, mwenye uso uliovimba hata macho hayaonekani, aliinua shingo ili asikie, maana neno lile lingekuwa uhai wake pia.

"Shemeji," alisema Bi Mwantumu, "amekwisha kufa. Hana tena cha kukuomba. Sema tumzike."

"Naomba," alisema Makungu, "naomba nikashauriane kwanza na Mheshimiwa Waziri."

Bi Mwantumu alimpa mgongo. Alishika pembe moja ya shuka, wanawake wenzake wakashika zilizobaki, wakamnyanyua Bi Saumu. Mlango wa wodi ulikuwa umefungwa. Waliusukuma kwa mabega mpaka kitasa kikang'oka. Mlinzi wa getini akatanua mikono.

"Mama, samahani, mgonjwa haruhusiwi kutoka."

"Hii ni maiti yetu tunaibeba," alisema Bi Mwantumu. "Mgonjwa wenu mmebaki naye huko ndani."

Mlinzi akatazama shuka. Akavua kofia, akapisha. Wanaume wakampokea, wakamlaza kwenye jeneza, na msafara ukatoka barabarani ukiitikiana. Wapita njia waliacha shughuli zao, wakapokezana jeneza kama ilivyo ada, bila kuuliza ni nani.

Makungu hakwenda. Naandika hili kwa hasira, lakini lazima liandikwe: hakwenda kumzika mkewe. Wapiga picha walikuwa kwenye ngazi, na kulifuata jeneza mbele yao kungekuwa sawa na kumpinga Mpambe. Alivuta kiti akaketi kando ya kitanda kitupu. Godoro lilikuwa bado limebonyea. Mashine ilikuwa inazunguka. Mhudumu wa jikoni alipita na toroli, akasoma skrini, akaacha bakuli la uji usio na chumvi juu ya kabati, akaendelea na vitanda vingine.

Sauti za wazikaji zilielekea nyumbani kwanza, kisha zikazidi kufifia, mpaka zikapotea kabisa upande wa makaburini. Muuguzi aliingia kubadilisha shuka, akamwona mtu mzima ameketi peke yake, akasita.

"Anaendeleaje?" aliuliza Makungu.

Muuguzi akatazama skrini.

"Vizuri, Mheshimiwa Balozi."